Wiki Sita Nilizonyamaza

Mwanangu Asimwe,

Umetoka sasa hivi na mjomba wako kwenda kuwaaga watu wa upande wa kanisani, na najua hamtarudi upesi. Kila nyumba watawakalisha, watawapa akamwani, kahawa ya kutafuna, na kila bibi atataka kukushika mikono na kukuombea. Nyumba imebaki kimya. Sanduku lako liko karibu na mlango. Kesho asubuhi mtatoka hapa Rubya kwenda Muleba kulisubiri basi la Dar es Salaam, na mimi nitaingia kibanjani kukata majani makavu ya migomba kama siku nyingine zote, maana sijui nitafanya nini kingine.

Sikuandikii habari za kula, wala za kufunga mlango, wala za kusali. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kuyajibu kabla sijayamaliza. Nakuandikia kwa sababu ya juzi, tulipokuwa tunamenya ndizi.

Ulikuwa unanieleza kazi yako kwa furaha, nami nilikuwa nafurahi pamoja nawe. Ulisema ofisini kwenu kuna chumba cha wasichana wanaopokea simu za wateja, na wewe utakaa chumba cha pili, umevaa vile vya masikioni, unasikiliza mazungumzo yao yaliyorekodiwa. Hapa mteja amekasirika, unaweka alama. Hapa ameuliza jambo hili lakini anataka lile, unaweka alama. Kompyuta inajifunza kutoka kwako.

Nikakuuliza, "Ikishajifunza?"

Ukacheka. "Ikishajifunza, itapokea simu yenyewe, Mama. Ndiyo hiyo akili mnemba."

"Na wale wasichana wanajua?"

"Sijui. Nadhani watapangiwa kazi nyingine. Sisi tumeambiwa tusiuongelee mradi mpaka ukamilike."

Nikachukua ndizi nyingine. Nikaendelea kumenya. Ukanitazama, ukasema, "Mama, usiwe hivyo, nitarudi Krismasi." Ulidhani nimeingiwa na huzuni ya kuachwa. Sikukurekebisha, kwa sababu niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia, na ungelia na wewe bila kujua unalilia nini. Kwa hiyo nimeona niandike.

Nataka kukueleza kwa nini Ma Ade, jirani yetu wa ukuta mmoja kule mjini, aliondoka Kashai.

Najua ulimpenda. Uliporudi likizo ukiwa kidato cha pili ukakuta chumba chake kina wapangaji wengine, uliniuliza mara tatu, na mara zote nilikujibu kwamba amepata biashara mbali. Biashara alipata kweli, ingawa siku zile mimi sikujua. Lakini hukuniuliza kwa nini hakuja kukuaga, na mimi nilishukuru kwamba hukuuliza.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nikianzia pale pale utaniona mtu mbaya tu, na mimi nataka uuone pia uzuri uliokuwepo, maana ulikuwepo.

Baba yako alipofariki ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Nilikubeba mgongoni nikaenda mjini Bukoba kutafuta kibarua, na kibarua pekee nilichokiweza ni kile nilichofundishwa na bibi yako hapa hapa uani, juu ya mkeka: kuchambua kahawa. Bibi yako hakuwa na mchezo. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya punje nilizokwisha kuzichambua, anaokota moja, ananiwekea mbele ya pua. "Hii umeiona?" Sikuwa nimeiona. Kwake ilikuwa inapiga kelele.

Kiwandani tulikuwa wanawake wengi, tumekaa kwenye mabenchi pande mbili za meza ndefu. Magunia yanamiminwa upande mmoja, na kahawa inatembea mikononi mwetu mpaka upande mwingine. Punje nyeusi, toa. Iliyotobolewa na mdudu, toa. Iliyovunjika, kokoto, ganda, toa. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka ndani ya ndoto. Lakini Asimwe, jinsi tulivyokuwa tunaimba! Nusu yetu tulikuwa wanakwaya, na nyimbo za Jumapili tulizifanyia mazoezi pale pale mezani kuanzia Jumatatu. Adelina, huyo Ma Ade wako, alikuwa akishika sauti ya pili, na hakuhitaji mtu wa kumwanzishia. Akiwa na hasira na msimamizi, alikuwa anaimba wimbo wa Kwaresima katikati ya mwezi wa kumi, na sote tunaelewa, tunacheka tumeinamisha vichwa.

Wewe ulilala chini ya meza ile, juu ya magunia matupu. Ulijifunza kutembea kwa kushika magoti ya wanawake, goti hadi goti. Goti ulilolipenda kuliko yote lilikuwa la Adelina.

Ndiye aliyenitafutia chumba Kashai, ukuta mmoja na chake. Nilipougua malaria ile iliyotaka kunimaliza, alikulea wiki mbili, akawa anakupeleka kazini mgongoni mwake. Wali wa kwanza uliokula maishani mwako ni wa jiko lake. Saa za mchana tulikuwa tunafungua ndizi za ebitoke na maharage vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, tunakula kutoka jani moja, na yeye kila siku alikuwa anasukumia upande wangu yale maharage yaliyobaki. Kila siku, kwa miaka kumi na miwili. Nikifumba macho hapa naisikia harufu ya magunia yale, na sauti yake iko kushoto kwangu. Sijapata tena katika maisha yangu kukaa na watu namna ile.

Kisha akaja yule mhandisi. Alikuwa mama mmoja mwembamba, mpole, mwenye miwani, ametoka Dar es Salaam. Walifunga mtambo kwenye chumba cha nyuma. Msimamizi aliniita peke yangu. Alisema wanataka mchambuzi aliye bora kuliko wote, na wamekubaliana ni mimi. Akaongeza, "Mama Asimwe, jambo hili libaki humu ndani kwanza."

Ule mtambo unazimwaga punje kama maji, zinapita mbele ya kamera, na iliyo mbovu inapulizwa na hewa inaanguka pembeni. Lakini siku zile ulikuwa haujui mbovu ni ipi. Kazi yangu ilikuwa kuuonyesha. Ninatenga punje kwenye sinia, nzuri huku, mbaya kule, na kwa kila mbaya ninasema ubaya wake, na mhandisi anazipiga picha.

Siku ya pili aliniuliza, "Mama Asimwe, hii umejuaje kwamba ni mbovu? Mimi naiona sawa na zile."

Nilisema, "Ni nyepesi. Vidole vinaniambia."

"Kamera haina vidole. Itazame tu bila kuishika, uniambie."

Nikaitazama muda mrefu. Na kweli, kumbe kulikuwa na kitu. Rangi yake ilikuwa imefifia kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilikuwa nimeiona rangi ile miaka yote bila kujua kwamba ninaiona. Nilipomwambia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hili hakuna kitabu kilichoandika!"

Nitakuambia ukweli ambao padre tu ndiye aliyewahi kuusikia. Watu wakisikia habari hii husema nilinyamaza kwa ajili ya ada yako, na mimi nimewaacha waseme hivyo. Ada ilikuwepo, ndiyo. Lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni kwamba nilipendezwa. Miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ninajua nini. Nilikuwa kibarua, jina kwenye orodha. Sasa mhandisi mzima alikuwa ananivutia kiti, ananiletea chai ya maziwa, na kila ninachosema anakiandika. Nilikuwa natembea kutoka chumba kile kama bibi harusi. Nilijua mtambo ule unajifunza ili ufanye nini. Sikuwa mjinga. Siku ya kumi hivi niliuona unapuliza punje yenye tundu dogo kuliko ncha ya sindano, na haukukosea, na nikajua kwamba meza yetu imekwisha. Hata hivyo kesho yake niliamka na hamu ya kwenda kuufundisha tena.

Ilikuwa wiki sita. Wenzangu waliniuliza tunafanya nini huko nyuma. Nilisema wanapima unyevu wa kahawa. Waliniamini, na kwa kuwa nilikuwa nachekacheka siku zile, walizidi kunipenda.

Wiki ya tatu Adelina alinisubiri mlangoni kwangu tulipotoka kazini. Alikuwa amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, kile cha kanisani.

"Vedi," alisema, "masista wanatafuta mpishi. Wananitaka mimi. Chumba watanipa, chakula watanipa. Wanataka jibu Jumapili."

"Ni habari njema," nilisema.

"Sijui. Nitaachaje kazi ninayoijua? Na ninyi je? Na Asimwe akirudi likizo atanikuta wapi?" Akacheka kidogo, kisha akanitazama vizuri. "Wewe uko karibu na wakubwa siku hizi. Unaonaje? Niende, au nibaki?"

Asimwe, nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Kilichohitajika ni neno moja. Nenda. Nisingelazimika hata kutaja mtambo. Lakini niliona kwamba nikisema nenda, ataniuliza kwa nini, na nikimjibu, kesho meza nzima itajua, na ile chai, na kile kiti, na zile sifa vitakwisha. Tena, na hili ndilo linaloniuma kwa namna ya ajabu, sikutaka aondoke. Nilitaka aendelee kuwa kushoto kwangu.

Nikamwambia, "Kazi ya hapa unaijua. Ya kule huijui."

Jumapili akawaambia masista hapana. Baada ya wiki tatu tukaitwa uani, tukasomewa majina. Walibakizwa wanawake watatu wa kuusimamia mtambo, na wa kwanza kusomwa nilikuwa mimi. Adelina hakupiga kelele kama wengine. Alinitazama kutoka upande wa pili wa ua, na niliona jinsi anavyohesabu: chumba cha nyuma, unyevu wa kahawa, ushauri wangu. Alipomaliza akageuka. Masista walikuwa wamekwisha kupata mpishi mwingine. Mwisho wa mwezi akahama Kashai, mimi nikiwa kazini.

Nilikaa miaka miwili bila kumtafuta. Nilijiambia sijui aliko, ingawa sikuwa nimeuliza mtu. Kisha siku moja sokoni mama mmoja anayeleta dagaa kutoka kisiwa cha Goziba akaniambia, bila kujua lolote, kwamba kule kuna Mhaya mwenzangu anapikia wavuvi na anaimba vizuri kuliko redio.

Ile safari niliyokuambia nilikwenda kwenye mazishi, nilikwenda Goziba. Hakuna njia ya kufika isipokuwa boti, nami unajua ninavyoogopa maji. Nilitapika nusu ya safari. Kambi imejaa watu wa kila mkoa, dagaa wameanikwa kila mahali, na katikati ya mabanda nikamwona Adelina ameinama kwenye sufuria kubwa, amekonda, mikono imeunguaungua mafuta.

Aliponiona hakushangaa. Alisema, "Nyegera," kama anavyokaribishwa mgeni yeyote, akanipa kigoda. Akawahudumia wavuvi mpaka wa mwisho. Ndipo akakaa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Siku ile ninakuuliza habari za masista?"

"Nilijua tangu wiki moja kabla."

Alitikisa kichwa polepole. Nilianza kumweleza kwamba mtambo ungekuja tu, hata kama ningekataa wangemchukua mwingine, na kwamba si mimi niliyeuleta. Akaniinulia mkono.

"Mawe! Mama yangu, Vedi, nyamaza. Unafikiri nimekaa hapa nakuchukia kwa sababu ya mashine? Mashine haikuwahi kula kwangu. Kazi ile ingekwisha tu, hilo hata mimi nalijua. Ila mimi nilikuwa na mlango umefunguliwa mbele yangu. Nikakuuliza wewe. Ukaufunga kwa mkono wako, ukaniambia lala."

Nilisema nisamehe, na ilisikika ndogo sana kwenye kelele za kambi ile.

Alinipa kisu na beseni la samaki. Boti ya kurudi ilikuwa baada ya siku tatu, na siku zote tatu nilipara samaki, nikaosha sufuria, nikalala kwenye mkeka wake. Tuliongea mambo ya kawaida: nani amekufa, nani ameolewa, wewe umefaulu nini. Habari zako alizitaka zote, hata za alama za hisabati. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka majini, akasema, "Njoo tena, lakini usije kuomba msamaha. Njoo kunisaidia samaki." Nimekwenda mara nne tangu hapo. Neno la msamaha hajalisema na silingojei. Tunapara samaki. Mara ya tatu, tukiwa katikati ya beseni, alianza kuimba, na baada ya ubeti mmoja akanitupia jicho kwa sababu sikuwa nimeingia kuimba naye. Nikaingia.

Kuna jingine. Mwaka jana nilikuambia nimeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Mgongo ni mzima. Walileta mtambo mpya unaojirekebisha wenyewe, na sisi watatu hatukuhitajika tena. Niliona haya kukuambia, kwa sababu ulikuwa umezoea kuwasimulia wenzako chuoni kwamba mama yako ndiye aliyeifundisha mashine. Kitu kimoja: safari hii walituambia mapema, mwezi mzima kabla. Mwezi ule niliutumia. Niliongea na mjomba wako habari za kibanja hiki, nikatafuta miche, nikaiwahisha ardhini mvua zikiwa bado. Kahawa unayoiona pale nyuma ya jiko niliipanda ndani ya mwezi ule. Nilipompigia Adelina kumweleza, aliuliza jambo moja tu: "Walikuambia mapema?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," na nilijua hakusema hivyo kwa kejeli.

Mwanangu, sikuambii usiende. Nimekusomesha ili uende. Sikuambii kazi yako ni mbaya. Mimi mwenyewe najua utamu wa kuulizwa unachokijua, na najua siku itakuja mkuu wako atashika kichwa kwa mikono miwili akuambie hakuna aliyewahi kuligundua hilo. Furahi siku hiyo. Una akili kuliko mimi, na unastahili.

Ila utakuwa unasikiliza sauti za wasichana wale kutwa nzima. Kabla ya mwezi kuisha utamjua kila mmoja wao kwa anavyovuta pumzi. Mtakula pamoja. Mmoja atakupenda, nawe utampenda, ndivyo ulivyo. Na siku moja atakuja na habari kwamba ameitwa kazi mahali pengine, au anafikiria kurudi shule, na atakuuliza unaonaje. Umeambiwa usiuongelee mradi. Mimi pia niliambiwa. Sijui sheria za ofisi yenu, na sitaki ufukuzwe kwa ajili ya hadithi ya mama yako. Utajua mwenyewe ni maneno gani yanaruhusiwa. Lakini neno "nenda" halikuwa la kiwanda. Lilikuwa langu, na nilikuwa nalo mdomoni.

Huenda ukimwambia akakasirika. Huenda wenzake wakakutenga, ukala peke yako. Nakuombea isiwe hivyo, lakini ikiwa hivyo, nipigie simu wakati wowote nami nitakaa nawe mpaka umalize kula. Mimi nilipendwa sana zile wiki sita. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile.

Naisikia sauti ya mjomba wako barabarani, na wewe unacheka. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika. Ukimaliza kuisoma, usinipigie mimi kwanza. Namba ya Ma Ade nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mtandao kule kisiwani unasumbua, ila jioni hupatikana. Mwambie wewe ni Asimwe, na kwamba sasa unajua.

Mama yako,
Verdiana